Cefalù: nimelipia kiti cha pwani, nikafukuzwa kama mchuuzi

Naanza na lililonikera. Mazuri yatafuata nikishapoa, au yasifuate kabisa, sijui bado.

Khalati yangu alikuja kutoka Mombasa kunitembelea Hamburg, akapigwa na mvua siku tatu mfululizo, ya nne akaniuliza, "Mwanangu, Ulaya yote hii haina bahari ya kuogea?" Ndipo nikatafuta ndege ya Palermo, kisiwani Sicily, Italia, na kutoka Palermo ni kama saa moja tu kwa treni hadi Cefalù. (Tiketi ya karatasi ya treni zile igongeni muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Sitaeleza nimejuaje.) Nikajifanya mjuzi: nikakodi kwa simu viti viwili vya kulalia na mwavuli wake, safu ya pili kutoka majini, pesa nikalipa zote mapema. Jina la mahali silitaji. Ni mojawapo ya zile sehemu zilizojipanga kwenye mchanga mrefu wa mji, kila moja na rangi yake ya miavuli.

Asubuhi tukatoka. Mimi nina leso mbili, zimekunjwa vizuri, zimelala juu ya mkono. Mtu wa pwani haendi baharini bila leso: utaikalia, utajifutia, utajifunga ukitoka majini, na jua likizidi utajitanda. Khalati nyuma yangu, na buibui lake na kikapu cha vitafunio. Tunafika kwenye njia ya mbao, kijana wa viti ananiona. Hata salamu hakutoa. Aliinua mkono akaupunga kama anayefukuza kunguru kwenye samaki: "Niente, niente! Via!" Yaani hatutaki kitu, ondoka!

Nikageuka nyuma nione anaambiwa nani. Nyuma kuna khalati tu.

Nilichelewa kuelewa. Kwenye mchanga ule hupita wachuuzi, wengi wao vijana weusi kama mimi, wamebeba shuka nyepesi za kujifunga, kofia na shanga. Mwanamke mweusi, vitambaa mkononi: kwa yule kijana hesabu ilikuwa imeshafungwa. Na hata ningekuwa mchuuzi, ndiyo mtu anafukuzwa hivyo? Hilo ndilo lililoniuma baadaye, usiku, kitandani. Wakati ule nilikuwa nimeshughulika kutoa simu kwenye mkoba huku vidole vinatetemeka.

Nikamwonyesha malipo. Akayasoma kwa makini kuliko mimi ninavyosoma mkataba wa nyumba. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaja taratibu, akatazama simu, akatazama leso, akamtazama khalati kuanzia mtandio hadi kandambili, kisha akatabasamu. Msifikiri lilikuwa tabasamu la kuomba radhi. Upande mmoja tu wa mdomo ulipanda, mwingine ukabaki pale pale. Safu ya pili imejaa, akasema, tutakaa nyuma kabisa, karibu na bafu. Na pesa je? Pesa ni zile zile.

Samahani sikuisikia mpaka tunaondoka.

Khalati hajui Kitaliano hata neno moja, lakini hakuna alichokosa. Alikwenda kwenye kile kiti cha nyuma, akafunua leso yake, akaitandaza juu ya mgongo wa kiti, jina limetazama njia ili kila apitaye alione: UMDHANIAYE NDIYE SIYE. Bila shaka hakuna pale aliyejua kulisoma. "Ujumbe umefika," khalati akasema, akafungua chupa yake ya chai.

Sasa niwe mkweli kidogo, ingawa inaniudhi. Kwetu Mombasa askari wa hoteli wamenisimamisha mchangani mara ngapi, pwani niliyozaliwa nayo, wananiuliza natafuta nini? Mara nyingi. Kwa hiyo siwezi kusema haya ni ya Sicily peke yake. Lakini kule nyumbani angalau tunajibizana kwa lugha moja na mwisho tunaulizana ukoo.

La kuwafaa nyinyi ni hili: msikodi viti. Sheria ya Italia inawalazimu wenye sehemu hizo kumwachia mtu yeyote apite bure kufika majini. Na ule upande wa mchanga ulio karibu na mji wa kale ni wa watu wote, hulipi senti, unatandika leso yako na mbele yako nyumba za zamani zimeota pale pale ukingoni mwa bahari, madirisha yao yanaangalia mawimbi. Siku ya pili tulikaa hapo. Akapita mchuuzi mmoja, Msenegali, akasimama mbele ya leso ya khalati, akaushika upindo, akaniuliza kwa Kifaransa nimenunua wapi na kwa bei gani. Nikacheka hadi machozi. Mteja wangu wa kwanza!

Hasira zile zilinifuata mpaka makumbusho. Ipo nyumba ya baroni mmoja wa karne ya 19, Enrico Pirajno di Mandralisca, aliyekusanya makombe ya bahari, sarafu, vyungu na picha, na mji ukazirithi. Hazina yake kubwa ni picha ndogo, haizidi sana karatasi ya barua: uso wa mwanamume aliochora Antonello da Messina katika karne ya 15. Watu humwita baharia, ingawa hakuna ajuaye ni nani hasa. Nikasogea. Yallah! Ni lile lile! Tabasamu la upande mmoja, macho yamekutupia kwa pembeni, kama anayejua kiti chako kiko karibu na bafu. Inasimuliwa kwamba baroni aliipata picha hiyo kwa mfamasia wa kisiwa cha Lipari, ilikuwa mlango wa kabati, na kwamba msichana mmoja, kwa kuchoshwa na kile kicheko kila anapopita, aliukwaruza uso wake. Mafundi wakaja kuyatengeneza makwaruzo. Mimi nilisimama pale nikamwelewa yule msichana kama dada yangu wa tumbo moja. Nafikiri nilikaa nusu saa. Khalati alikuwa chumba kingine amependezwa na chungu cha Kigiriki cha karne ya 4 kabla ya Kristo, kimechorwa mwuza jodari ana kisu na mnunuzi wake ana sarafu mkononi. "Huyu hajakubali bei," khalati akasema. "Mtazame mkono." Kama wale wa soko la samaki pale Bandari ya Kale Mombasa, haikosi kitu.

Makumbusho hayo, basi, nyota tano, hata kama hamna hasira za kupeleka.

Mtapanda na lile jabali pia. Jina la mji linatokana na neno la Kigiriki la kichwa, na ukifika hutauliza kwa nini: Rocca, mwamba wa kama mita 270, umeinamia mapaa. Nendeni asubuhi na mapema, na viatu vya kufunika miguu. Nusu ya njia yapo mabaki ya hekalu wanaloliita la Diana, mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji. Mimi nilifika huko nikaishiwa pumzi, nikatazama bahari, nikashuka. Kileleni kuna magofu ya ngome, mtanieleza nyinyi.

Khalati hakutaka kusikia habari za kupanda mwamba, nikamwacha mahali pa kufulia. Msicheke. Unashuka ngazi za mawe meusi zinazojipinda katikati ya mji, unakuta mabirika ya zama za kati, maji yanatoka kwenye midomo ya simba kadhaa wa chuma, yanapita kwenye mawe ya kusugulia nguo, yanakimbilia baharini. Ni mto Cefalino. Maandishi ya pale ukutani yanajigamba kwamba maji yake ni safi kuliko fedha na baridi kuliko theluji. Hadithi ya wenyeji inasema ni machozi ya mwali wa majini aliyemuua mpenzi wake aliyemfanyia hiana, kisha akajuta. Niliporudi nilimkuta khalati ameketi ukingoni, miguu ndani ya maji, anazungumza na bibi mmoja wa Kisicilia. Kwa lugha gani, sikuuliza. Walikuwa wanaonyeshana namna ya kukamua shuka nzito watu wawili, mmoja huku, mmoja kule.

Saa ile ndiyo niliyoanza kulegea, na sikutaka kulegea. Nilikuwa nimeshaandika kichwani nyota moja.

Tukaingia kanisa kuu. Alilianzisha mfalme Roger wa Pili, mwaka 1131. Inasimuliwa alinusurika dhoruba baharini akaweka nadhiri. Ukutani mbele, juu kabisa, yupo Kristo mkubwa wa vipande vya vioo na dhahabu, kazi ya mwaka 1148, ameshika kitabu kilichoandikwa Kigiriki ukurasa mmoja na Kilatini ukurasa wa pili. Mimi na khalati ni Waislamu, hatukuja kusali. Lakini kazi ya mikono ni kazi ya mikono, na khalati alisema mashaallah kwa sauti ambayo mtu wa mbele aligeuka.

Sasa, huyo huyo Roger ndiye aliyemweka al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, kwenye baraza lake kule Palermo, amwandikie dunia nzima ilivyo. Kitabu kilikamilika 1154. Ndani yake Malindi imo, na Mombasa imo. Karibu miaka mia tisa iliyopita mfalme wa kisiwa hiki ana habari za kwetu, na leo kijana wa viti ananiambia "via"! Hili nililisema kwa khalati kwa sauti ya juu kiasi nje ya mlango. Akanijibu, "Punguza. Huyo kijana ana miaka kumi na tisa. Hata jina la babu ya babu yake halijui."

Na pale mlangoni kulitokea jambo. Mabega wazi hawayataki ndani, na mwanamke mmoja mtalii alikuwa amezuiwa, ana gauni la kamba, anakaribia kulia. Khalati akaichukua leso mkononi mwangu akamtanda, bila kuuliza. Yule mwanamke akaingia, akatoka, akairudisha imekunjwa, akashukuru. Mwenzake nyuma yake akanijia na pochi: leso moja bei gani? Mara ya tatu sasa! Lakini safari hii sikukasirika. Khalati alinong'ona kwamba tungekuwa na akili, nauli ya treni ingekuwa imerudi.

Chakula nitasema kwa ufupi kwa sababu tumbo halina hasira. Asubuhi wanakula barafu ya lozi iliyosagwa laini, na mkate mtamu wa mayai pembeni. Khalati aliona ni utoto, siku ya tatu akaagiza mbili. Tambi zao za dagaa na zabibu kavu alizifahamu mara moja: "Hawa wameonja pilau mahali." Kumbukeni tu kwamba mikahawa mingi inaongeza pesa kidogo kwa kila mtu, ati ya kukaa mezani, na iko kwenye bili hata kama mkate hukuugusa.

Tulikuwa tumefika, kwa bahati na si kwa mpango, katika siku za sherehe zao za mwezi wa nane, za Mwokozi. Jioni ya mwisho mji wote ulishuka gatini. Wanalaza gogo refu kutoka ukingoni, limening'inia juu ya maji, wamelipaka mafuta linateleza kama kambare, na mwisho wake pana bendera. Vijana wanakimbia juu yake mmoja mmoja wajaribu kuinyakua. Hatua tatu, paa! majini. Hatua nne, paa! Watu wanapiga kelele mpaka mawe ya gati yanalia. Tangu mashindano ya kuogelea ya Maulidi ya Lamu sijafurahi vile kandokando ya bahari.

Basi khalati akanishika mkono, kucha zikaniingia. "Yule pale! Kijana wako wa viti!" Nikatazama. Kaptula nyekundu, nywele zimelowa zimemfunika macho. Akakimbia, akateleza, akaanguka kifudifudi, gogo likampiga ubavuni kabla ya maji kumpokea. Khalati akacheka, haki ya Mungu, cheko la mtu aliyelipwa deni. Kijana akapanda tena. Mara ya pili akafika karibu na bendera, mkono umenyooka, na khalati huyo huyo kasimama juu ya ngazi, buibui linapepea, anapiga vigelegele kama yuko harusini, watu wote wanamgeukia na kumpigia makofi. Aliikosa kwa kidole.

Mimi nasema siye. Yule wa viti alikuwa mrefu zaidi, na masikio yake hayakuwa vile. Tumebishana njia nzima hadi Palermo, na ndani ya ndege, na hivi ninapoandika yuko jikoni kwangu Hamburg anasema, "Mwandikie ni yeye." Viti vya pwani, nyota moja. Mji, nyota nne. Khalati anasema tano, na ameshauliza ndege za mwakani.