Mazoezi ya kizunguzungu cha sikio la ndani, uzoefu wangu

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tanga, na naandika hii kwa yeyote anayehangaika na kizunguzungu huku kila mtu anamwambia ni presha au damu imepungua. Ilinianza mwaka jana baada ya mafua ya kawaida tu, nikaamka alfajiri nyumba nzima inazunguka, natapika, hata kukaa siwezi, nikabebwa hospitali. Malaria, taifodi, presha, sukari, vyote safi, nikatundikiwa dripu nikarudishwa nyumbani na vidonge.

Kile kikali kiliisha baada ya siku 3 au 4, ila kilichobaki ndo kilinitesa. Nikigeuka kutoka ubaoni kuangalia watoto naona kama darasa linachelewa kufika, usiku umeme ukikatika nayumba kama mlevi, na sijda ndo kabisa, ikabidi niwe naswali kwenye kiti. Vidonge nimemeza karibu miezi 3, vikiisha naongezewa vingine na hakuna aliyeniuliza vinasaidia au la.

Dada yangu akaniita Dar tukamwona daktari wa masikio. Akanilaza kwa haraka kichwa kinaning'inia nje ya kitanda huku anayaangalia macho yangu, kumbe ndani ya sikio kuna vichembe kama vya chokaa, vikihama vikaingia kwenye mifereji ya balansi unapata kizunguzungu kila ukigeuka kitandani, na hivyo vichembe wanavirudisha mahali pake kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio wake, mara nyingi kikao kimoja au viwili. Yangu haikuwa hiyo. Mshipa wa fahamu wa balansi ulivimba upande mmoja, ubongo ukawa unapokea taarifa mbili zisizolingana, kwahiyo akanipeleka fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi.

Nilitegemea mashine, kumbe hakuna. Unabandika herufi moja ukutani usawa wa macho, unaikazia macho huku unageuza kichwa kushoto kulia kama mtu anayekataa kitu, dakika 1, halafu juu chini. Unasimama kwenye kona juu ya kipande cha godoro miguu imebanana, kwanza macho wazi, baadae umefumba. Unatembea koridoni huku unageuza kichwa. Yule dada wa fiziotherapia aliniambia mazoezi ya aina hii yalianzishwa Uingereza miaka ya 1940 na kina Cawthorne na Cooksey, kwa watu walioumia kichwani.

Wiki ya kwanza nilizidiwa, nikalia, nikampigia nataka kuacha. Akanijibu, "Mwalimu, kizunguzungu kikija hapo ndo ubongo unasoma, ukilala na kufumba macho hausomi kitu." Hapo ndo nikaelewa kwanini daktari alisema vidonge tuviache pole pole, maana vinapooza kizunguzungu lakini ukivimeza muda mrefu vinauchelewesha ubongo kuzoea. Hii ningeambiwa mwezi wa kwanza jamani! Nilikuwa nalala mchana kutwa nikidhani najitunza.

Nimelipa 30,000 kwa kikao, vikao 6, mengine yote nimefanya nyumbani mara 3 kwa siku. Kulalamika kwangu ni nauli, maana kwa huku kwetu sikumpata wa kunifanyia, na pia wangenionya mapema kwamba mwanzo utazidiwa, naamini wengi wanaacha hapo hapo. Mwezi wa pili wa mazoezi nikaanza kugeuka darasani bila kushika meza. Mwezi wa nne nilisujudu sakafuni, nikakaa pale chini muda mrefu namshukuru Mungu.

Ila tafadhali usianze kujifanyia mwenyewe kabla hujapimwa, na kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kukwama au mkono kuishiwa nguvu, hicho kinaweza kuwa kiharusi, wahi hospitali saa hiyo hiyo.

Nikipata mafua au nisipolala vizuri kinarudi kidogo, nabandika herufi yangu tena siku mbili tatu kinatulia. Bodaboda bado sijapanda.