Sili za ncha kwa 13B-REW yenye tabo: za Mazda, za chuma laini au za seramiki?

Kabla ya kuagiza sili za ncha (vipande vyembamba vinavyoziba gesi kwenye ncha za rota, ile pembetatu inayozunguka badala ya pistoni) za 13B-REW, injini ya rotari ya Mazda RX-7 FD, jiulize kwanza: injini ikinoki siku moja, yaani mchanganyiko ukilipuka ovyo, uko tayari kupoteza nini? Sili zote nzuri zinaziba. Tofauti yake kubwa huonekana siku zinapoharibika, na kwenye injini yenye tabo siku hiyo si ya kufikirika tu.

Rota mbili, ncha tatu kila moja: unanunua sili sita za unene wa milimita 2, na vipande vyake vya pembeni na springi. Springi nunua mpya bila kubishana. Za zamani hulegea kwa joto, na sili ya bei kubwa juu ya springi iliyochoka haizibi.

Sili halisi ya Mazda ni ya chuma cha kusubu kilichokazwa upande wa juu, unaosugua kromu ya hauzingi, ganda ambamo rota inazunguka. Inakaa (inazoeana na hauzingi) mapema, haili kromu haraka, na injini ikiwa ya moto inawaka bila kusumbua. Kwa gari la barabarani lenye boosti (shinikizo la hewa ya tabo) ya kiwandani, takriban paundi 10 kwa inchi ya mraba, hatuoni sababu ya kutafuta nyingine. Tatizo lake ni kwamba haipindi, inakatika. Kipande kikikatika, mara nyingi mwishoni mwa sili, rota inakiburuza na kuchana kromu, kisha kinatoka kwenye tundu la ekzosi na kugonga mapanga ya tabo. Hapo umepoteza sili moja, hauzingi, tabo, na pengine rota yenyewe.

Ndiyo maana wanaopandisha boosti hukimbilia chuma laini, kama sili za Atkins au Rotary Aviation. Hizi zikipigwa hupinda. Kompresheni inashuka na gari linagoma kuwaka likiwa la moto, lakini ukifungua injini mara nyingi unakuta hauzingi na tabo vimepona. Gharama yake unailipa polepole: zinachukua muda mrefu zaidi kukaa, na zinahitaji oili ya kutosha muda wote la sivyo zenyewe na kromu vinalika. Kwa mtu ambaye bado anarekebisha ramani ya kompyuta ya injini (mpangilio wa petroli na taimingi), tunazipendekeza bila kusita.

Seramiki, kama za Ianetti, ni nyepesi na msuguano wake ni mdogo. Mazda wenyewe walitumia sili za seramiki kwenye R26B, injini ya rota nne ya gari la 787B lililoshinda Le Mans mwaka 1991. Ni nzuri kweli, ila bei yake ni mara kadhaa ya zile za chuma, na mnoko mkali huzivunja nazo. Tunawaachia wa mashindano.

Kuchonga mfereji wa rota (unamokaa sili) uingie sili ya milimita 3, kama za injini za kabla ya 1986, kuna maana pale tu mfereji umeshapanuka. Na sili za Mazda RX-8 usizijaribu: ni fupi kwa kimo.

Aina yoyote utakayochukua, vipimo ndivyo vinaamua. Ingiza sili mpya kwenye mfereji, pima upenyo kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi): 0.062 hadi 0.101 mm ni sawa, ukipita 0.15 mm rota hiyo weka pembeni. Pima miisho yote miwili na katikati, kwa sababu mfereji haulikiki sawasawa. Kimo cha sili mpya ni milimita 8.0, ikifika 6.5 ni ya kutupa. Hauzingi iangalie kwenye mwanga, hasa kandokando: kromu ikiwa imebanduka mahali sili inapopita, hakuna sili itakayoiokoa. Sili za ubavuni mwa rota nazo sugua moja moja hadi upenyo kati yake na sili ya kona (ile ya kwenye kona ya rota) uwe 0.05 hadi 0.15 mm, na kila moja irudi kwenye mfereji wake uleule. Wakati wa kufunga, Vaseline inazishika zisidondoke.

Kinachoua sili ni mnoko, na mnoko una vyanzo vyake: petroli kidogo kwenye mchanganyiko, taimingi iliyosogezwa mbele mno, hewa ya moto kutoka kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo) iliyochoka. FD ina lake pia. Ukifungua ekzosi yote, vali ndogo ya kupunguza boosti inazidiwa na boosti inapanda yenyewe. Panua tundu la vali hiyo kabla ya kubadilisha bomba. Ukiwa umeondoa pampu ya oili ya sili, changanya oili ya tusitroki kwenye petroli, karibu mililita 8 kwa lita.

Baada ya kilomita 1,000 hivi bila boosti, pima kompresheni kwa kipimo cha rotari kinachosoma nyuso tatu za kila rota. Kwa mizunguko 250 kwa dakika, chini ya kilo 6.0 kwa sentimita mraba haifai, na nyuso za rota moja zisipishane zaidi ya 1.5. Uso mmoja ukiwa chini sana kuliko wenzake, usiongeze boosti. Fungua rota hiyo.