Kujifunza tatuu: kwa fundi wa Samoa au kwa mashine ya kununua?

Nchini Samoa, fundi wa tatuu huitwa tufuga, na ufundi huu hurithishwa ndani ya koo chache, mojawapo Sa Su'a. Mwanafunzi haanzi kwa kuchora. Kwanza hukaa kando ya mwalimu, akivuta ngozi ya anayechorwa na kufuta damu, huku akitazama jinsi mkono wa fundi unavyogonga 'au, chombo chenye meno kama kitana. Hujifunza na adabu yake: pe'a, yaani tatuu ya mwanamume, hutoka kiunoni hadi magotini, na kuiacha njiani ni aibu kwake na kwa jamaa zake.

Njia ya pili ni ya haraka. Unanunua mashine ya umeme, ambayo Samuel O'Reilly wa New York aliipatia hataza mwaka 1891, unatazama video, unaanza. Wapo waliofika mbali hivyo, sikatai. Lakini nani atakuonyesha kina cha sindano kabla wino haujasambaa chini ya ngozi? Nani atakukemea ukirudia sindano iliyokwisha kutumika kwa mwingine, ilhali homa ya ini na VVU vinaweza kupita humo?

Mimi nachagua ya kwanza, hata kwa atakayetumia mashine. Tafuta fundi akupokee, na michoro ya Wasamoa usiiguse bila ruhusa yao.