Mkeka wa dansi: wangu ulichanika mapema

"Huu umekanyagwa, bosi." Ndivyo nilivyojibiwa Kariakoo niliporudisha mkeka wa dansi ambao mshale wake wa kushoto ulikufa wiki chache tu baada ya kuununua. Umekanyagwa! Kifaa cha kuchezea gemu kwa miguu, sasa alitaka niutundike ukutani? Jamaa hata macho hakuyatoa kwenye simu. Akagusa risiti kwa kidole, pale palipoandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akaendelea kuchati.

Kwa wasioujua: ni ile mikeka ya mishale minne inayotumika badala ya pedi, iliyotokana na Dance Dance Revolution ya Konami, mashine za gemu la dansi zilizoanza Japani mwaka 1998. Mashine zenyewe zina jukwaa gumu la kukanyagia. Hii ya nyumbani ni karatasi mbili za plastiki zilizochorwa njia za umeme kwa wino, katikati kuna sponji yenye matundu, juu kitambaa. Ukikanyaga, karatasi zinagusana kwenye tundu na kompyuta inasoma mshale. Basi, hakuna uchawi mwingine humo.

Na ndiyo maana nimekasirika. Wangu haukuuawa na miguu. Uliuawa na boksi. Waliukunja mara nne kama shuka ili uingie kwenye kiboksi kidogo, na mkunjo mmoja ulipita juu ya njia ya mshale wa kushoto. Wino ule ukikunjwa unapata ufa. Siku za mwanzo mshale unafanya kazi kwa kusitasita, halafu unanyamaza kabisa. Mkeka huu unaviringishwa kama jamvi, haukunjwi. Muuzaji wa mikeka hilo halijui?

Likikupata wewe hili, anza hivi. Mishale yote ikifa pamoja, fungua skrubu za kile kiboksi cha mbele: mkia wa plastiki umelegea pale unapobanwa kwenye bodi. Futa kwa spiriti, acha ukauke, kaza. Mshale mmoja ukifa, kata ushono wa pembeni kwa wembe, ufuate njia yake kwa mita ya kupimia umeme. Weka mita kwenye ohm, usitegemee mlio, kwa sababu wino una ukinzani mkubwa kuliko shaba na mita inaweza kukaa kimya hata njia ikiwa nzima. Penye ufa mita itaonyesha OL au 1, yaani njia imekatika. Hapo weka kipande chembamba cha foili ya jikoni, kizidi ufa sentimita mbili kila upande, ukibane kwa selotepu isiyo na makunyanzi. Na fundi akishika pasi ya lehemu, mnyang'anye! Plastiki ile itayeyuka kabla risasi haijashika, na hapo ndipo utazika mkeka kweli.

Mshale unaojibonyeza wenyewe ni ugonjwa mwingine: sponji imelala, au jasho limeingia. Kwa joto la Dar hili la pili huwezi kulikwepa. Cheza na soksi, na masika usiuache umelala juu ya vigae usiku kucha, unyevu unapanda.

Haya, nikautengeneza, mshale ukarudi. Nikataka kumsamehe yule bwana. Ndipo nikakutana na la pili: kuruka kushoto na kulia kwa pamoja hakusomeki. Hapa wengi hudhani mkeka ni mbovu, wakatupa. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows andika joy.cpl, fungua sifa za kifaa, kanyaga kushoto na kulia kwa mkupuo. Zikiwaka taa mbili nyekundu zenye namba, uko salama. Kikisogea kile kijimsalaba kwenye kisanduku, basi mkeka unajitambulisha kama fimbo ya gemu (joystick), na fimbo haiwezi kulalia pande mbili kwa wakati mmoja. Hakuna mpangilio ndani ya StepMania, gemu la bure la dansi kwenye kompyuta, utakaoponya hilo. Kama mkeka wako ni wa PlayStation unaopitia adapta, badilisha adapta. Wangu ni wa USB moja kwa moja. Nimekwama.

Kwa hiyo usinunue. Elfu themanini kwa kitu kisichojua kuruka ni wizi.

Ila nyimbo za hatua za kawaida, lo. Nilichukua plaiwudi ya futi tatu kwa tatu kutoka kwa seremala wa Keko, nikaubandika juu yake kwa gundi ya pande mbili, kiboksi nikakiacha nje ya ukingo. Hautelezi tena, hauna makunyanzi, na mishale inajibu vizuri kuliko siku uliyotoka dukani. Dakika ishirini tu fulana inakamuliwa. Pedi ya kawaida haijawahi kunipa raha hii, nakiri kwa shingo upande.

Kwa hiyo nitanunua wa pili, duka lingine, wenye kuviringishwa. Na laptopu nitaenda nayo: unachomekwa kaunta, unakanyagwa mshale mmoja mmoja, kisha kushoto na kulia pamoja, muuzaji akitazama, ndipo hela itoke mfukoni.