Mausi Inayotetemeka: Nilitaka Kuirudisha Dukani
Mambo vipi watu wangu! Nipo steshenari kwangu hapa Kirumba, Mwanza, na hii ndiyo ile mausi ya kompyuta inayotetemeka mliyoniulizia kama inafaa. Waya haina, inachajiwa, mengine yapo kwenye boksi, tusimalizane bando.

Sikilizeni... hamsikii, eti? Ngoja niiweke juu ya sinia. Drrr! Haya, tazameni: mshale upo nje ya kitufe cha kwenye skrini, kimya. Umeingia, drrr. Nje. Ndani, drrr! Siku ya kwanza nilihisi nimeshika mende. Sasa hivi kale ka-eksi ka kufungia ukurasa, ambako nilikuwa nakakosa mara tatu, nakapata bila kukodoa macho.

Wala si uchawi. Paul Fitts, Mmarekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba lengo likiwa mbali tena dogo, mkono unachelewa. Mwaka 1995 mtafiti Akamatsu na wenzake wakapima mausi inayogusa kidole mshale ukifika kwenye lengo, wakailinganisha na ishara za sauti na rangi. Muda wote kwa jumla haukupishana, ila kule kutulia mwishoni juu ya lengo, ya kugusa ikawa ya kwanza. Ni kama kivuko cha Kamanga: maji ni yaleyale, shughuli ipo kwenye kutia gati.

Kaka, njoo ujaribu. Mnamwona? Anarusha mshale, anapitiliza, anarudi. Mimi natambaa, nafika. Raundi kumi: yeye kanishinda kwa mbio, mimi nimemshinda kwa makosa machache. Msianze na "wanawake hivi, wanaume vile", sisi ni watu wawili tu!

Lakini kwenye umbo sinyamazi. Hii imechongwa kwa kiganja cha mvuvi wa sangara! Mikono yetu wanawake kwa wastani ni midogo, na humu steshenari nani anachapa siku nzima? Kitufe cha pembeni sikifikii mpaka nivunje kifundo. Saa sita mchana, mkono unawaka. Eti "saizi ya wote". Wote kina nani?

Elfu themanini na tano, jamani. Pale sokoni Makoroboi nimepata ya elfu kumi, haitetemeki, ila inanienea. Naitumia hiyo, na drrr naikumbuka, sitawaficha.

Tukifika wafuasi elfu kumi nagawa mausi, ya Makoroboi lakini. Hii namuuzia kaka. Elfu sabini... Kaka? We kaka, rudi hapa!