PARI/GP mbele ya 147573952589676412927

Kikokotoo chochote kinachodai kuchambua namba kubwa kuwa vigawo tasa kipimwe kwanza kwa 147573952589676412927, yaani 2^67-1. Kile kinachotunza namba kama desimali ya biti 64, yenye nafasi ya tarakimu 15 au 16 tu, huisogeza kimyakimya ikawa 2^67, kisha hukuambia bila haya kwamba kigawo chake tasa ni 2 peke yake. Programu za majedwali nazo hubakiza tarakimu 15 za mwanzo na kujaza sifuri sita. Namba witiri kugawanyika kwa 2! Kifunge, tafuta kingine.

PARI/GP, programu ya bure iliyoanzia Bordeaux, Ufaransa, haikatiki hapo: namba nzima huibeba hadi tarakimu ya mwisho. Fungua gp, dirisha lake la kuandikia amri, andika n=2^67-1, halafu factor(n). Jibu huja chini ya sekunde moja, safu mbili: kushoto vigawo tasa 193707721 na 761838257287, kulia vipeo vyake (kila kigawo kimejirudia mara ngapi), 1 na 1. Mwanahisabati Mersenne aliihesabu namba hii miongoni mwa tasa mwaka 1644. Mwenzake wa baadaye, Lucas, akaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, bila kushika hata kigawo kimoja, na mwanahisabati Cole akavitoa vyote viwili mwaka 1903.

Sifa nyingine ni amri fupi tu. numdiv(n), idadi ya vigawo, hutoa 4; sumdigits(n), jumla ya tarakimu, hutoa 109; na hammingweight(n), idadi ya 1 namba ikiandikwa kwa 0 na 1, hutoa 67 kwa sababu hapo namba hii ni 1 zilizofuatana mara 67. sigma(n), jumla ya vigawo vyote, ni 147573953351708377936; eulerphi(n), idadi ya namba kuanzia 1 hadi n zisizo na kigawo cha pamoja na n zaidi ya 1, ni 147573951827644447920. Zijumlishe: lazima upate 2^68 kamili, maana n ni zao la namba tasa mbili tofauti. Ukikosa, umekosea kunakili.

Mtego uko kwenye kupima utasa. Mod(2,n)^(n-1), yaani baki la 2^(n-1) likigawanywa kwa n, hurudisha 1 kama ifanyavyo kila namba tasa witiri, kana kwamba n ni tasa. Sababu: 2^67 ikigawanywa kwa n hubaki 1, na n-1 hugawanyika kwa 67. Kipimo hiki kwa msingi wa 2 hakina faida kwa namba za umbo hili. Tumia isprime(n), itakupa 0 (si tasa), au fanya kipimo cha Lucas na Lehmer, cha namba za umbo hili, mwenyewe:

s=Mod(4,n); for(i=1,65,s=s^2-2); s

Baki la mwisho, s, lisipokuwa sifuri, n si tasa. Usiandike s=4 mtupu. Bila Mod, s huongezeka tarakimu mara mbili kila hatua, hatua ya 20 inakaribia tarakimu 600,000, na muda si mrefu gp hulalamika kwamba kumbukumbu imejaa. Wengi hukimbilia allocatemem() kuongeza nafasi, ilhali kosa liko kwenye mstari wao.

Kasoro zipo. Dirisha ni tupu, msaada wa ? ni wa Kiingereza, na koma za kutenganisha maelfu hazikubaliki kwa kuwa koma hutenganisha vitu ndani ya mabano. Zao la namba tasa mbili za tarakimu mia mia usilisubiri, halitaisha. Tena, kwa kawaida factor hupima utasa wa vigawo vikubwa kwa kipimo cha haraka bila uthibitisho kamili. Kwa vigawo viwili vya hapo juu hilo halina madhara, viko chini ya 2^64, ambako kipimo hicho hakikosei. Kwa vikubwa zaidi, andika default(factor_proven,1) kabla ya kuanza, na uvumilie kungoja.