TAHADHARI: Bobcat inayonyanyua asubuhi tu

Wakuu, nimepigwa changa la macho, na niko kwenye kazi za saiti mwaka wa kumi na mbili huu. Ni Bobcat ya mtumba, kile kikatapila kidogo chenye ndoo mbele, yadi moja hapa Dar.

Nilifika saa mbili asubuhi, nikakuta mashine inanguruma. Jamaa anayeiuza kanipandisha, nikabeba kifusi mara tano, mikono inayonyanyua ndoo inapanda kama lifti. Dakika kumi hazijaisha dalali anaulizia hela. Nikalipa.

Kesho yake saiti, kufika saa nne, ndoo ikijaa mchanga mikono inaishia nusu, haipandi tena. Nikisukuma nyenzo zote mbili za kuendeshea mbele, mashine inakata kushoto. Fundi akafungua tanki la haidroliki, yaani la oili ambayo presha yake ndiyo inanyanyua mikono na kusukuma mashine, akachovya kidole: oili nzito kama asali. Oili ya gia, namba 90, mahali pa kuweka oili nyepesi ya haidroliki, 46 au 68! Pampu inayosukuma hiyo oili imekwisha, na oili nzito ikiwa baridi haipenyi kirahisi kwenye nafasi zilizolika, kwa hiyo presha haipotei. Ikipata moto inalainika, presha inakimbia. Tulipokata filta, chenga za shaba zinameta kwenye karatasi yake.

Injini nayo niliikuta imeshawashwa kwa sababu. Ikilala usiku, asubuhi inasumbua kuwaka, inafuka moshi mweupe. Ukifungua kifuniko cha oili huku inanguruma, moshi unapuliza kama birika. Ringi za pistoni hizo, zimelika.

Kwa hiyo injini hakikisha unaikuta baridi. Gusa bloku, ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho alfajiri na asiiguse. Haidroliki ni kinyume: ifanyishe kazi nusu saa au zaidi mpaka tanki lipate moto, ndipo ujaze ndoo, unyanyue, usikilize. Injini ikilemewa na kutoa moshi mweusi, anza na filta ya hewa, dizeli na injini yenyewe. Lakini ikibaki na sauti ileile kana kwamba haina mzigo, na mikono haipandi, presha haipo: mara nyingi ni pampu au vali ya presha, ile inayozuia presha isizidi. Muuzaji atakwambia "vali tu hiyo bosi, unakaza kidogo". Asikaze mtu bila geji ya kupimia presha, mipira inayopitisha oili inaweza kupasuka. Na mvujo usiutafute kwa kiganja, presha ile inaingiza oili chini ya ngozi. Pitisha kipande cha boksi.

Bei ya pampu sitaji, mama watoto anasoma humu. Jamaa nilipompigia alisema mashine iliondoka nzima, nimeiharibu mimi. Karatasi aliyonipa imeandikwa "imeuzwa kama ilivyo", na sahihi ni yangu.

Jumamosi nilipita pale yadi. Kuna nyingine imeegeshwa getini, mipira yote imepulizwa rangi nyeusi kuficha nyufa. Nikaigusa, rangi bado inanata.